Pakiti Yenye Jina la Mtoto

"Sema tena! Sema ukiniangalia usoni, Frida!"

"Nitasema hata mara mia. Sijaituma mimi!"

"Basi jina la mwanangu limeingiaje humo? Lilipanda basi lenyewe?"

"Shusha sauti, Mama Sede. Nina majirani."

"Waje! Waje wamwone mwizi wanayemsalimia kila asubuhi!"

Frida akafunga dirisha kwa kishindo. Chai aliyokuwa amemmiminia mgeni wake ilikuwa bado mezani, haijaguswa. Ikupa alikuwa hajakaa. Alisimama katikati ya sebule, mkoba begani, kompyuta kaikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Wewe uliyefungia maandazi gazeti la wiki iliyopita kabla hujalisoma, nakupa kwa ufupi. Ikupa ni fundi wa mtandao Iyunga, Mbeya, kwenye kampuni ya bwana Alawi, ile inayowapelekea intaneti wenye mashine za mpunga wa Ubaruku na Rujewa, na hospitali moja ya misheni huku Iringa. Jumamosi mtandao wote ulikufa kwa mpigo. Mashine za kukoboa zikasimama katikati ya mavuno, hospitali ikarudi kuandika wagonjwa kwa kalamu. Polisi wakamkamata Kudra, msichana aliyekuwa zamu, kwa sababu amri za kufuta kila kitu zilitoka kwenye kompyuta aliyokuwa akiilinda yeye, na nywila alikuwa nayo yeye.

Ikupa hakuamini. Akafungua nakala ya mawasiliano aliyoiwahi siku ileile, akapekua pakiti moja baada ya nyingine. Ndipo akaikuta ile moja, nene kuliko wenzake, imejazwa neno moja tangu mwanzo hadi mwisho. Sedekia Sedekia Sedekia.

Jina la mwanawe wa pekee.

Pakiti ile aliitengeneza yeye mwenyewe kwa mikono yake. Na duniani kote alimpa mtu mmoja tu: Frida, mwalimu wa chuo cha kompyuta, rafiki yake tangu diploma, mama wa ubatizo wa huyo huyo Sedekia.

Ndiyo maana alipanda basi la kwanza kuja Iringa.

"Nilikupa uwapelekee watengenezaji wa programu, iwe ushahidi," Ikupa alisema. Sauti sasa ilikuwa imeshuka, na ilitisha zaidi. "Nilikwambia programu yao ina tundu. Nilikwambia wakiliziba, tutaokoa watu. Nikakuamini kwa kuwa unajua kuwaandikia vizuri. Wewe ukaigeuza bunduki."

"Niliwapelekea!"

"Uongo."

"Niliwapelekea, na walijibu!"

Ikupa akaiweka kompyuta mezani, kando ya chai.

"Walijibu wiki ileile," Frida aliendelea, akihema. "Walishukuru. Walisema kosa ni la kweli na ni baya. Wakatoa toleo jipya lenye kiraka cha tundu lile. Kila mtu anayetumia programu ile aliambiwa abadilishe."

"Mimi mbona sikuambiwa?"

"Ulikuwa Tukuyu. Ulikuwa unamzika mama yako."

"Niliporudi je?"

Frida akaanza kukusanya vikombe, ingawa hakuna aliyekunywa.

Hapa nisimame kidogo, maana najua kuna msomaji anasema, "Pakiti tu inawezaje kuangusha kampuni?" Umewahi kununua viazi vya lumbesa? Gunia linajaa, halafu juu yake wanashona kilemba cha wavu, wanapandisha na kupandisha, hadi gunia moja linakuwa gunia na nusu. Basi ni hivyo. Kompyuta zikiongea, maneno yao husafiri kwenye vifurushi vinavyoitwa pakiti, na kila pakiti hujitaja ukubwa wake. Kazi ya programu ya kuchambua ni kuzifungua pakiti zinazopita na kusema hii inatoka wapi, inakwenda wapi, imebeba nini.

Sasa programu ile iliamini tu ilichoambiwa. Pakiti ilisema, "Mimi ni gunia la kawaida," nayo ikatenga nafasi ya gunia la kawaida kwenye kumbukumbu yake. Haikupima. Ikamimina. Kumbe ni lumbesa! Kilichozidi kikamwagikia nafasi ya jirani, na jirani mwenyewe ndipo mahali kompyuta inapoweka maagizo ya kazi yake inayofuata. Mwenye hila akishona kilemba chake vizuri, kinachomwagika pale si viazi. Ni amri. Na kompyuta inaitii amri ile bila kuuliza nywila ya mtu.

Kwa hiyo mtu hakuhitaji nywila ya Kudra. Alihitaji lumbesa ya Ikupa.

"Frida, nimekuuliza. Niliporudi msibani, kwa nini hukuniambia?"

"Nilimwambia Tadeo."

Tadeo. Meneja wa uendeshaji wa kampuni ya Alawi. Mume wa Ikupa.

"Alinipigia," Frida alisema, mgongo kaugeuza. "Alisema umechoka, hulali, nisikusumbue na mambo ya kazi. Majibu yote nimpe yeye. Nikampa. Barua za watengenezaji, toleo jipya, hata pakiti yako, kila kitu. Akasema ataiweka siku hiyohiyo."

Ikupa akakaa, safari hii bila kukaribishwa.

Alikumbuka. Alikuwa amemuuliza Tadeo kwa kinywa chake mwenyewe, wakila wali jikoni. Baba Sede, hivi Frida amesemaje, wale wazungu wamejibu? Na Tadeo, bila hata kuacha kutafuna, akasema, "Bado. Watu wale wana kazi nyingi, mke wangu. Vuta subira."

Alikumbuka na jingine. Mlinzi. Ndivyo walivyoiita ile kompyuta ya kuchambua pakiti aliyoilinda Kudra, iliyokaa mapokezi, imeunganishwa na televisheni kubwa ya ukutani. Bwana Alawi aliipenda mno. Wageni walikalishwa kwenye kochi, wakapewa soda, wakatazama mistari ya rangi ikipanda na kushuka, wakaondoka wakisema hapa kuna wataalamu. Ili skrini isizimike na kuomba nywila mbele ya wageni, Mlinzi alipewa mamlaka yote ya mtandao na kuachwa wazi mchana na usiku. Ikupa alilalamika. Akaambiwa anaogopa kivuli chake.

Na kila alipotaka kuigusa mashine ile airekebishe, nani alimzuia? "Iache, wageni wanakuja." Tadeo huyohuyo.

"Kwa nini?" aliuliza. Hakuwa akimuuliza Frida. Lakini Frida ndiye aliyejibu, na bora asingejibu.

"Si kwa ajili ya kampuni yenu mpya?"

"Kampuni gani?"

Vikombe vikagongana mikononi mwa Frida. Akageuka, uso umempauka.

"Ikupa. Usiniambie hujui."

"Kampuni gani, Frida?"

"Tadeo alisema mnafungua kampuni yenu. Wenye mashine wa Ubaruku wameshakubali kuhamia, hospitali inakaribia. Alisema wewe ndiye mkurugenzi. Ni wewe uliyemtuma anipe nafasi ya kusimamia Iringa."

"Nikamtuma yeye? Mimi ninayekupigia simu kila Jumapili?"

"Nilidhani unaona haya. Nilidhani ..."

"Ulidhani nini? Jumamosi mtandao umeanguka, Jumatatu wateja wanahama. Hukujiuliza?"

Frida akafuta mikono kwenye khanga. Mikono haikuwa na maji.

"Nilijiuliza," alisema polepole.

"Lini?"

"Jumatatu. Aliponiambia kuna binti amekamatwa."

Jumatatu! Na leo ni Alhamisi. Kudra, binti wa muuza vitambaa wa Sokomatola, alikuwa amelala sakafuni kituoni siku zote hizo. Ikupa ndiye aliyemfundisha kazi. Ikupa ndiye aliyekwenda kwa baba yake na kumwahidi, "Mzee wangu, mwanao atakuwa kama yuko nyumbani." Na huyu mwanamke aliyemshika Sedekia kwenye maji ya ubatizo alikuwa akijua, akinywa chai, akipika, akifundisha, kimya.

"Nina watoto wa kusomesha, Ikupa. Nafasi kama ile haiji mara mbili."

"Na Kudra hana mama?"

Ikupa akatoa simu. Hakutaka tena maneno ya sebuleni. Akampigia bwana Alawi.

"Bosi, shikamoo. Uko ofisini?"

"Marahaba, Bi Ikupa. Nipo, na sina raha. Umekwenda wapi bila ruhusa? Ofisi imejaa polisi, wewe umepotea!"

"Niko Iringa. Nisikilize, bosi. Nenda pale mapokezi, chomoa waya wa mtandao kwenye Mlinzi. Usiizime. Waya wa mtandao tu. Kumbukumbu ya Jumamosi imo humo, na ndiyo itakayomtoa Kudra."

"Mlinzi? Lakini nina wageni kutoka ..."

"Bosi! Wageni wakaangalie taarifa ya habari! Chomoa waya!"

Alawi akacheka kicheko kikavu, cha mtu asiye na la kufanya.

"Umechelewa, binti yangu. Mumeo amemaliza kuisafisha sasa hivi. Ameweka programu mpya, amefuta kumbukumbu zote za zamani. Kasema ni kwa usalama. Hapa inang'aa kama sahani ya harusi."

Ikupa alifumba macho. Kiraka kilichozuiwa kwa wiki kadhaa, leo ndiyo kimewekwa. Baada ya mwizi kupita. Na nyayo zote zimepigwa deki.

"Bosi, ninayo nakala. Nilinakili Jumamosi. Nipe huyo askari mpelelezi."

"Afande Sosthenes huyu hapa." Simu ikabadilisha mikono.

"Bi Ikupa," ilisema sauti nzito, ya taratibu. "Tulikuwa tunakutaja."

"Afande, Kudra hana kosa. Aliyeingia kwenye mashine ile hakutumia nywila. Alitumia pakiti mbovu, ninayo hapa, naweza kukuonyesha ilipoanzia hadi ilipoishia."

"Pakiti yenye jina la Sedekia?"

Ikupa akashtuka. "Umejuaje?"

"Mumeo ametuambia. Yuko hapa mbele yangu, analia. Anasema aliogopa kusema kwa kuwa wewe ni mama wa mtoto wake. Anasema wewe ndiye uliyeitengeneza. Ni kweli au si kweli?"

Frida, aliyekuwa akisikia yote, akaweka mkono mdomoni.

"Ni kweli niliitengeneza. Kwa ajili ya ..."

"Na nakala ya mawasiliano ya Jumamosi, ambayo kampuni nzima haina, unayo wewe peke yako?"

"Ndiyo, lakini ..."

"Na kuna kampuni mpya inayochukua wateja wa bwana Alawi, na mkurugenzi wake ni wewe?"

Ona msuko huo, msomaji wangu! Mtu uliyelala naye kitanda kimoja, anakusuka kila fundo kwa uzi wako mwenyewe. Kazi yako, uangalifu wako, jina lako, hata jina la mtoto uliyemzaa kwa uchungu. Wala hakuhitaji kutunga jambo. Alichukua ya kweli, akayapanga.

"Afande," Ikupa alisema mwishowe, "na Kudra?"

"Saa nane anapandishwa kizimbani. Mimi nina mshtakiwa mmoja mkononi. Nitamwachia kwa maneno ya simu? Hilo faili lako nalo, usinitumie kwa simu. Kila mtu anaweza kutuma chochote. Mtu mwenyewe aje nalo, atoe maelezo yake chini ya saini. Na nakwambia mapema ili usiseme sikukwambia: ukija, unakuja kama mtuhumiwa."

"Saa nane siwezi kufika Mbeya."

"Hilo sasa ..."

Kukawa na mkwaruzo kwenye simu, kisha sauti nyingine. Laini. Sauti aliyoijua kuliko zote.

"Mama Sede."

Ikupa akaisogeza simu mbali kidogo na sikio.

"Mama Sede, tulia. Afande kaniruhusu niseme nawe kando kidogo. Kaa hukohuko kwa Frida mpaka mambo yapoe. Yule binti hatafungwa, ushahidi hautoshi, wakili atamtoa. Miezi michache tu. Wewe una mtoto. Mfikirie Sede."

"Tadeo, kiraka ulipewa lini?"

"Kiraka gani?"

"Ulikuwa unakula wali wangu. Nikakuuliza kama wamejibu. Ukasema bado."

"Umechoka, mke wangu. Tangu mama afe hujawa sawa, kila mtu anaona ..."

Ikupa akakata simu.

Nje jirani alikuwa akitwanga kisamvu, na mchi ulisikika ukipanda na kushuka. Frida akapiga magoti mbele ya kiti cha rafiki yake, akamshika mikono.

"Afadhali umsikilize," alinong'ona. "Ikupa, dada yangu, ukienda watakufunga. Hapa hakuna anayejua ulipo ila mimi na Tadeo."

"Polisi wanajua. Nimewaambia Iringa."

"Iringa ni kubwa. Nina shamba Ilula, kaa huko. Baadaye mambo yakitulia nitakupa zile barua za watengenezaji, utajitetea."

Ikupa akamtazama. "Kwa hiyo barua unazo."

Frida akajua ameteleza. Akaachia mikono.

"Zinaonyesha tulivyoripoti," Ikupa alisema. "Zinaonyesha siku uliyompelekea Tadeo kiraka. Barua zile zinamtoa Kudra, zinanitoa na mimi. Twende nazo, Frida. Kituo kiko pale chini, tunatembea."

"Zina jina langu."

"Ndiyo."

"Chuo watanifukuza. Watauliza kwa nini nilinyamaza tangu Jumatatu."

"Watauliza, ndiyo. Na utawajibu."

"Siwezi." Machozi yalikuwa yakimtoka sasa. "Nisamehe, siwezi. Mwambie Sede ..."

"Usimtaje mwanangu."

Ikupa alisimama. Akachukua kompyuta, akaiweka mkobani, akafunga zipu. Alipofika mlangoni, alisikia nyuma yake Frida akiita jina lake la usichana, lile walilolitumia bwenini wakigawana sabuni. Hakugeuka.

Alishuka kilima kwa mwendo wa mtu anayekwenda kununua chumvi. Kama angekimbia, angefikiria. Kama angefikiria, angesimama. Upepo wa Iringa ulimpiga usoni. Alipita wauza nyanya na mafundi baiskeli, na mama mmoja akamwita, "Dada, karibu mahindi ya kuchoma!" Ikupa akamjibu, "Asante mama, wakati mwingine," na akashangaa kinywa chake bado kinajua adabu.

Kwenye kaunta ya kituo alikuwapo askari wa kike, mnene, miwani imeshuka puani.

"Kamwene," askari alisalimu kwa Kihehe, kisha akamwangalia vizuri. "Karibu, dada. Una shida gani?"

"Nataka kuandikisha maelezo. Yafike Mbeya kabla ya saa nane, kwa Afande Sosthenes. Kuna msichana anapelekwa mahakamani kwa kosa ambalo si lake."

"Umekuja kumlalamikia nani?"

"Mume wangu."

Askari akavuta pumzi, kwa uso wa mtu aliyesikia hayo mara nyingi. "Amekupiga?"

"Ingekuwa kupigwa ningekuja na bandeji. Huyu ametumia kazi yangu kuangusha mitandao ya watu, akamtupia kosa binti wa watu. Ushahidi nimekuja nao."

Ikupa akaiweka kompyuta juu ya kaunta. Akavua pete ya ndoa. Hakuitupa wala hakuililia, aliiweka tu kando ya kompyuta, kwa kuwa alijua mahabusu huvuliwa kila kitu.

Askari akaiangalia pete, akamwangalia yeye. "Hivyo unatoa vya nini? Wewe ni mlalamikaji."

"Hapana, afande. Andika na jina langu upande ule mwingine. Ni Ikupa. Pakiti iliyotumika ni mimi niliyeitengeneza. Mpigie mwenzako Mbeya, mwambie mtuhumiwa anayemtaka amejileta mwenyewe, yuko mikononi mwako, na faili analo. Mwambie sasa hivi."

Askari hakusogea. Ndipo simu ya Ikupa ikaita. Kwenye kioo lilisomeka jina aliloliandika siku ya harusi na hajawahi kulibadilisha: Mume Wangu.

Iliita, ikaita, ikaita.

Ikupa akaichukua, akaisukuma juu ya kaunta mpaka ikagusa mkono wa askari.

"Pokea wewe, afande," alisema. "Na kabla hajaanza kuongea, mwambie anaongea na polisi."